Kuona, Kutazama na Kuangalia: Falsafa ya Kufundisha Sanaa Shuleni kwa Mfano wa Mpanda

1.0 Utangulizi

Katika ratiba za shule nyingi za msingi nchini Tanzania, kipindi cha sanaa aghalabu hupangwa mchana, baada ya Hisabati na Kiswahili, wakati watoto wamekwisha kuchoka na mwalimu naye amechoka. Mtihani unapokaribia, kipindi hicho ndicho cha kwanza kutolewa kafara ili masomo mengine yapate nafasi. Si kwamba walimu wanaichukia sanaa. Tatizo ni kwamba wengi wao hawajapata jibu la kuridhisha la swali moja: mtoto hufundishwa kuchora ili iweje? Ikiwa shabaha ni kuwapata wasanii, basi ni dhahiri kuwa watoto 80 wa darasa moja hawatakuwa wote wasanii. Ikiwa shabaha ni kuwapumzisha, basi mpira na ngoma hupumzisha zaidi, tena bila gharama ya penseli.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba kipindi cha sanaa ni miongoni mwa nafasi chache mno katika siku ya shule ambapo mtoto hutakiwa kuyaamini macho yake mwenyewe kabla ya kuliamini neno la mwalimu, na kwamba mwalimu asiyelitambua jambo hili anaweza kufundisha sanaa miaka nenda miaka rudi huku akiiua. Hoja hii inajengwa juu ya misingi miwili: uzoefu wa mwalimu mmoja aliyefundisha kusini mwa Mpanda, na ushahidi wa lugha ya Kiswahili yenyewe, ambayo katika maneno yake ya kila siku imehifadhi fikra pevu juu ya kazi ya jicho.

Yafaa kwanza mahali penyewe paelezwe. Mpanda ni mwisho wa reli. Njia ya tawi itokayo Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa. Katika eneo hili wanaishi Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Watongwe ambao ni wenyeji, Wafipa waliotoka kusini, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na watu wenye asili ya Burundi ambao wao wenyewe au wazazi wao waliikimbia nchi hiyo mwaka 1972. Mji huu haujulikani kwa wachoraji wala wachongaji kama zinavyojulikana Bagamoyo na Mtwara. Kwa sababu hiyo hiyo unafaa kuwa mfano, kwa kuwa shule nyingi za Tanzania zinafanana zaidi na za Mpanda kuliko za Bagamoyo.

2.0 Kiboko wa Sitalike

Mwalimu anayezungumziwa hapa alizaliwa na kusomea ualimu mbali na Katavi. Alipopangiwa shule moja kusini mwa Mpanda, hakuwa amepata kumwona kiboko ila vitabuni. Katika mwaka wake wa kwanza, mwezi wa Julai, aliwaagiza wanafunzi wa darasa la nne wamchore mnyama yeyote wanayemfahamu. Wengi walichora simba, twiga na tembo. Wanyama wote hao walikuwa wamesimama ubavu, wakielekea upande wa kushoto, kama walivyosimama katika chati iliyobandikwa ukutani nyuma ya meza ya mwalimu. Michoro ilikuwa safi, naye akaridhika nayo.

Msichana mmoja, ambaye wazazi wake walikuwa wametoka Sitalike, alichora mstari mmoja mrefu uliokata ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ya mstari huo aliweka vinundu sita: viwili vyenye ncha ya mviringo, viwili vyenye nukta katikati, na viwili vidogo vilivyotangulia mbele. Baada ya pengo, vinundu sita vingine. Kisha vingine tena. Ukurasa wote haukuwa na kitu kingine.

“Huyu ni nani?” mwalimu aliuliza.

“Ni kiboko, mwalimu. Wako watatu.”

“Miguu yao iko wapi?”

“Iko majini, mwalimu.”

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akalichukulia jibu hilo kuwa ni ujeuri. Akaandika 3 juu ya 10 kwa kalamu nyekundu. Kisha akaenda ubaoni akachora kiboko mwenye tumbo kama pipa na miguu minne mifupi, akawaamuru wanafunzi wote wamnakili.

Miezi kadhaa ilipita. Mwezi wa Februari, katikati ya masika, mwalimu huyo alikwenda msibani Sitalike pamoja na walimu wenzake. Kijiji hicho kiko langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1974, na hapo Mto Katuma hupita chini ya daraja. Wakati wa kiangazi, maji yanapopungua, viboko husongamana kwa mamia katika madimbwi machache ya bonde hilo hata migongo yao ikagusana. Wakati wa mvua hali huwa nyingine kabisa. Mwalimu alisimama darajani akatazama maji yaliyojaa, na kwanza hakuona kitu. Baadaye aliona masikio mawili, macho mawili na matundu mawili ya pua. Kisha pengo, na vinundu sita vingine. Hapakuwa na tumbo kama pipa, wala miguu. Alisimama pale hadi wenzake walipomwita.

Aliporudi shuleni alimwomba yule mtoto daftari lake la mwaka uliopita. Ukurasa ulikuwa umechanwa. Akaenda kabatini akatafuta karatasi za mtihani wa Novemba, akaipata ya mtoto yuleyule. Swali la tano lilikuwa limewataka watahiniwa wachore mnyama wa majini. Msichana yule alikuwa amechora kiboko mwenye tumbo kama pipa na miguu minne, amesimama pakavu, anaelekea kushoto. Alama zilikuwa 9 juu ya 10, nazo zilikuwa zimetolewa na mwalimu mwenyewe.

Tukio hili halina uzito wowote katika kumbukumbu za shule. Hakuna aliyeadhibiwa, na mtoto alifaulu. Lakini likipimwa kwa makini litaonekana kuwa limebeba swali zima la makala haya. Kati ya Julai na Novemba, mtoto aliyejua kiboko alivyo alifundishwa kutokujua, akalipwa alama sita zaidi kwa kutokujua huko. Tena aliyemfundisha alikuwa mtu mwema, mwenye bidii, aliyedhani kuwa anamsaidia.

3.0 Ushahidi wa lugha

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyohusu kazi ya jicho ambavyo wasemaji huvitumia kila siku bila kuvichanganya: kuona, kutazama na kuangalia. Kuona humjia mtu hata asipotaka. Ndiyo maana huona njaa, huona baridi na huona haya, mambo ambayo hayahitaji jicho lolote. Kutazama ni kulielekeza jicho kwa makusudi, na kutokana na kitenzi hiki lugha imeunda nomino mtazamo, yaani namna mtu anavyoyachukulia mambo. Lugha inadokeza hapa kwamba asiyetazama hana mtazamo wake. Anao wa kuazima.

Kitenzi cha tatu kina mafunzo makubwa zaidi. Kuangalia ni kutazama kwa kujali. Mzazi humwambia mtoto “angalia!” anapokaribia moto, na mgeni huombwa awaangalie watoto mama anapokwenda kisimani. Kwa kutumia kiambishi tamati -fu, tunapata kivumishi -angalifu na nomino mwangalifu na uangalifu. Yaani katika Kiswahili mtu mwenye tahadhari, asiyekurupuka, anayefanya kazi yake bila kuharibu, huitwa kwa jina linalotokana na jicho. Lugha nyingine huenda zikaiweka tahadhari moyoni au akilini. Kiswahili kimeiweka katika kuangalia.

Sasa linganisha neno hilo na pacha wake, msikivu. Huyu ametokana na sikio, kwa kitenzi kusikia. Msikivu ni yule anayesikiliza na kutii. Katika ripoti za maendeleo ya wanafunzi neno hili hutumika sana na hutumika kwa sifa: mtoto huyu ni mtulivu na msikivu. Si ajabu, kwani sehemu kubwa ya siku ya shule ni kazi ya sikio. Mwalimu husema, mtoto husikia, hurudia, kisha huandika. Wasikivu wanahitajika na hapana budi wafundishwe. Lakini mwangalifu hazaliwi na sikio. Yule msichana wa Sitalike alianza mwaka akiwa mwangalifu akaumaliza akiwa msikivu, na shule haikuwa na safu ya kuandikia alichopoteza.

Maneno ya kazi ya mkono nayo yana ushahidi wake. Sanaa, neno lenye asili ya Kiarabu, katika asili hiyo linahusu ufundi na kazi ya mikono kwa jumla, si picha za kutundikwa ukutani peke yake. Kuchora, katika kamusi za zamani, kunahusishwa na kukata nakshi juu ya mti. Ni kuacha alama isiyofutika kwa urahisi. Kuandika, kabla ya kuwa kazi ya kalamu, ni kupanga vitu mahali pake, kama inavyosikika bado katika msemo wa kuandika meza. Na kufunda, kitenzi cha unyago na jando, ni mzizi uliozaa kufundisha na ambao neno fundi haliko mbali nao. Kwa hiyo mwalimu wa sanaa hatoki nje ya lugha anapodai kwamba somo lake si mapambo. Maneno yenyewe yanamweka kati ya fundi na mwalimu.

4.0 Mafundi walio jirani na shule

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alilalamika kwamba shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni ziliwafanya wanafunzi waamini kuwa ujuzi wa maana hupatikana vitabuni na kwa wasomi tu, na kwamba hekima ya wazee haihesabiki. Andiko hilo mara nyingi hukumbukwa kwa mashamba ya shule na majembe. Hata hivyo lalamiko hilo lilikuwa juu ya mahali ambapo ujuzi hudhaniwa kukaa, nalo linaihusu sanaa moja kwa moja.

Mfano ulio karibu ni wa Wasukuma, ambao leo ni sehemu kubwa ya wakazi wa Katavi. Huko Usukuma, chama cha wachezesha nyoka kilikuwa na desturi ya kuchora picha katika kuta za nyumba zake. Mtafiti Hans Cory alizikusanya habari za picha hizo katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1953, na miaka mitatu baadaye akachapisha kingine juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika unyagoni katika Tanganyika. Jambo linalojitokeza katika kazi zote mbili ni kwamba picha na vinyago hivyo havikuwa vya kupendeza macho ya wageni. Vilikuwa vifaa vya kufundishia. Mwari au mwanachama mpya aliwekwa mbele ya umbo, akalitazama, akaambiwa maana yake. Kwa hiyo anayedai kuwa sanaa ni jambo geni katika malezi ya Kiafrika ameikosea historia. Kilicho kigeni ni kuitenga sanaa na malezi.

Katika Katavi yenyewe mafundi hawakosekani, ingawa hawaitwi wasanii. Upande wa Inyonga wapo wafugaji wa nyuki wanaojua kulibandua gome la mti likiwa zima na kulikunja kuwa mzinga. Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huko Karema, wapo wanaoutazama mtumbwi ungali ndani ya gogo. Wapo wanawake wasukao mikeka ambao huanza na hesabu ya miyaa wala hawaikosei. Mwalimu wa sanaa akimkaribisha darasani mmoja wa watu hawa kwa kipindi kimoja, si ili awe kichekesho cha siku bali ili watoto wauangalie mkono unaojua, atakuwa amewaonyesha kwamba uangalifu una wenyewe kijijini mwao.

5.0 Namna ya kukiendesha kipindi

Mwalimu wa kisa kilichotangulia aliendelea kufundisha katika wilaya hiyo kwa miaka mingi. Taratibu alizozifuata baada ya safari ya Sitalike zilikuwa chache, na zinaweza kufuatwa katika shule yoyote isiyo na fedha.

Kwanza, aliiondoa chati ukutani wakati wa kipindi cha sanaa. Hakuichana, kwa kuwa ilifaa kwa masomo mengine. Aliigeuza tu iukabili ukuta.

Pili, alikataza mkono usitangulie. Kila mtoto alileta kitu kimoja kutoka nyumbani au njiani: jani, bawa la panzi, kipande cha chungu, ganda la kibuyu. Kwa robo ya kwanza ya kipindi hakuna aliyeshika penseli. Kazi ilikuwa kukitazama kitu na kumweleza jirani jambo moja ambalo jirani hajaliona. Hapa ndipo somo la sanaa lilipolisaidia somo la Kiswahili kuliko alivyotarajia, maana mtoto aliyeona kwamba ncha ya jani imejipinda alilazimika kulitafuta neno la kujipinda huko.

Tatu, vifaa vilitafutwa palepale. Mkaa ulitoa weusi, majivu na chokaa weupe. Udongo wa kichuguu, uliopepetwa na kukorogwa kwa maji, ulitoa rangi ya hudhurungi. Mti wa mninga, ambao misitu ya miombo ya Mpanda imejaliwa kuwa nao, ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu. Watoto waliutumia kidogokidogo kutoka katika matawi yaliyokwisha kuanguka au kukatwa kwa kazi nyingine. Karatasi zilipokosekana, walichora juu ya maboksi yaliyopasuliwa, na mara nyingi zaidi chini, juu ya mchanga uliofagiliwa. Mchoro wa mchangani una faida moja isiyopatikana katika daftari: mtoto haogopi kuufuta na kuanza tena.

Nne, na hili ndilo lililomgharimu zaidi, aliacha kabisa kuchora juu ya mchoro wa mtoto. Mwalimu mwenye mkono mzuri hushawishika kuchukua penseli na kusahihisha. Akisahihisha, mchoro huwa mzuri zaidi na mtoto huwa mdogo zaidi. Badala ya kusahihisha, alijizoeza kuuliza swali moja: “Umeyaona wapi haya?” Swali hilo lina sifa ya kumrudisha mtoto kwenye kitu chenyewe. Mtoto aliyekitazama kitu hujibu mara moja. Ambaye hakukitazama hunyamaza, kisha huinuka akaenda kukitazama bila kuamrishwa.

Alama zilitolewa kwa kufuata swali hilohilo. Mchoro wenye mistari ya kutetemeka lakini wenye jambo lililoonwa ulipata zaidi ya mchoro safi usio na kitu ndani yake. Baadhi ya wazazi walilalamika, na malalamiko yao yalieleweka, kwani usafi huonekana haraka kuliko ukweli.

6.0 Pingamizi mbili

Falsafa hii haikosi wapinzani, na pingamizi zao zinastahili kujibiwa.

Pingamizi la kwanza linahusu kuiga. Itasemwa kuwa mafundi wetu wote walijifunza kwa kuiga, na kwamba kumkataza mtoto asinakili ni kuingiza shuleni fikra za kigeni za msanii anayebuni peke yake kutoka hewani. Mfano wa Edward Saidi Tingatinga huweza kutolewa. Mtu huyu aliyezaliwa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya ubao mgumu wa viwandani. Alikuwa na wanafunzi waliojifunza kwa kuketi karibu naye na kufuata mkono wake, na baada ya kuuawa kwa risasi ya polisi kwa bahati mbaya mwaka 1972, wanafunzi hao ndio walioiendeleza kazi hata jina lake likawa jina la mtindo. Bila kuiga, mtindo huo ungezikwa naye.

Pingamizi hili lina ukweli mkubwa. Lakini hapana budi kutofautisha kuiga kwa aina mbili. Mwanagenzi aketiye karibu na fundi huuiga mkono anaouona ukifanya kazi. Huangalia brashi inavyoshikwa, rangi inavyosubiriwa ikauke, kosa linavyofunikwa. Huko ni kuangalia kwa hali ya juu. Mtoto anayenakili chati hamwigi mtu yeyote, maana fundi hayupo. Limebaki umbo lililokufa. Tena Tingatinga mwenyewe hakuipata njia yake kwa kunakili ubaoni. Aliwatazama wanyama na ndege wa kumbukumbu zake, akavitazama vifaa vya bei nafuu vilivyokuwa sokoni, akaviunganisha. Shule inaweza kumruhusu mtoto amwige fundi aliye mbele yake, kwa muda, mradi amwangalie. Isimruhusu anakili kilichochorwa na mtu asiyemjua kwa sababu asizozijua.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alishikilia kwamba mwanafunzi wa Kiafrika aanzie katika mazingira na jadi yake, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika huko London. Wapo waliohofia kwamba fikra kama hizo, kwa nia njema, zingemfungia Mwafrika kijijini na kumnyima sanaa ya dunia nzima. Je, kumwambia mtoto wa Mpanda achore jani na mzinga si kumfungia hukohuko?

Jibu ni kwamba mahali pa kuanzia si mahali pa kuishia. Mtoto aliyejifunza kukiangalia kiboko wa Mto Katuma ataweza kesho kuiangalia picha ya Mfaransa au Mjapani na kuuliza swali lilelile: huyu aliyaona wapi haya? Aliyejifunza kunakili tu atainakili hata hiyo. Kinachomfungia mtoto si jani la mninga, bali ni kufundishwa kwamba macho yake hayatoshi.

7.0 Mtoto aliyechora asichokiona

Hata hivyo, falsafa yenyewe ilipata mtihani ambao mwalimu hakuutarajia. Baadaye alihamia shule iliyokuwa na watoto wengi wa Katumba. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Uamuzi wa kuwapa uraia wa Tanzania zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi wa mwaka 1972 ulitangazwa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014. Watoto hao walizaliwa Tanzania, na wengi hawakuwa wamewahi kuiona Burundi.

Siku moja darasa lilipewa mada “Nyumbani kwetu”. Mvulana mmoja alichora vilima, kimoja nyuma ya kingine, hadi juu ya ukurasa. Na juu ya kila kilima nyumba moja iliyozungukwa na migomba, mbali na nyumba nyingine. Hakuna mahali pa namna hiyo Katumba, ambako nchi ni tambarare na nyumba zimepangwa kwa mistari. Kwa kanuni ya mwalimu, mchoro huo haukuwa na jambo lililoonwa. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini kumbukumbu ya kiboko ilimzuia, akauliza swali lake.

“Umeyaona wapi haya?”

“Sijayaona, mwalimu. Babu ndiye aliyeyaona.”

Mwalimu alimuuliza mambo mengine: nyumba ile ya pili ni ya nani, na kwa nini njia inapita nyuma ya kilima na si mbele. Mtoto alijibu yote bila kusita. Ilibainika kwamba babu yake humsimulia jioni, naye husikiliza hadi kila kitu kikae mahali pake. Yaani msikivu huyu alikuwa amesikia kwa namna ambayo wengine hutazama.

Tukio hili liliirekebisha falsafa bila kuivunja. Linaonyesha kwamba adui wa mwangalifu si sikio. Kuna kusikia kunakofanywa kwa uangalifu, na kuna kutazama kunakofanywa kwa uzembe. Linaloulizwa na mwalimu wa sanaa, hatimaye, ni iwapo mchoro una shahidi. Kiboko wa Julai alikuwa na shahidi: mtoto mwenyewe. Vilima vya Katumba vilikuwa na shahidi: babu. Kiboko wa Novemba hakuwa na shahidi yeyote, kwa sababu mtoto alijua kuwa sivyo alivyo, na mwalimu aliyemchora ubaoni hakuwa amemwona.

8.0 Hitimisho

Katika mtaala wa elimu ya msingi ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, sanaa imepewa nafasi inayotajwa kwa jina: Utamaduni, Sanaa na Michezo kwa darasa la kwanza na la pili, kisha Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Ni hatua ya kupongezwa, kwani kwa muda mrefu sanaa ilijibanza ndani ya Stadi za Kazi. Lakini jina katika ratiba halitoshi. Somo lenye jina linaweza kufundishwa kwa chati na kutahiniwa kwa chati, na hapo watoto wengi zaidi watanakili kiboko wa ubaoni, safari hii kwa idhini ya mtaala.

Yapendekezwa, kwa hiyo, kwamba vyuo vya ualimu vimzoeze mwalimu wa sanaa mambo mawili kabla ya mbinu nyingine zozote: kuyatembelea mazingira ya shule anayopangiwa kabla ya kuwatahini watoto wake juu yake, na kuuliza kabla ya kuweka alama. Mambo hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mwalimu akubali kwamba katika darasa la sanaa huenda yeye ndiye mwenye kujua kidogo kuliko wote, hasa akiwa mgeni wa mahali.

Mwalimu wa kisa hiki hakupata kumwomba radhi yule msichana ipasavyo. Alipompa penseli mpya na kumwambia amchore tena kiboko kama alivyomchora mara ya kwanza, mtoto alimtazama kwa mashaka, kisha akauliza kwa adabu, “Nichore wa kwenye mtihani au wa mtoni, mwalimu?” Mwalimu alisema wa mtoni. Mtoto alichora mstari mrefu, akaweka vinundu sita juu yake. Akasita kidogo, akainua macho amwangalie mwalimu usoni, halafu chini ya mstari, kwa wepesi wa penseli ambao ulikuwa vigumu kuuona, akachora miguu minne.